Re: Nani anakagua hela za serikali kwa taasisi za wenyeji Australia?

Mkuu, umeuliza kule Australia nani anazichungulia hela za serikali zinazoenda kwenye taasisi za Waaborijini. Wana msajili wao maalumu, sheria yake ni ya 2006, taasisi ikivurunda anawapiga chini viongozi anaweka msimamizi mpaka mambo yakae sawa. Ila usidhani wanaoboronga ni vikundi tu, 2017 mkaguzi mkuu aliigeukia serikali yenyewe, ule mpango wake wa 2014 wa kuwaendeleza wenyeji, wa dola za Australia bilioni 4.8, akakuta ugawaji wa ruzuku uko chini ya kiwango. Sisi huku Bongo na mikopo ya vikundi ya asilimia 10 za halmashauri, kikundi chetu tulisainishwa cherehani tano zikaja mbili, mkaguzi akapiga picha, kanywa soda, kasepa 😂