Kujadili ujira wa haki: anzeni na hesabu ya fundi mmoja

Mijadala ya ujamaa na ulibertari (msimamo wa soko huru na mikataba ya hiari, serikali ikiingilia kidogo) huharibika mapema kwa sababu kila upande huleta ndoto yake na kuipambanisha na maovu ya mwenzake. Mmoja anataja kampuni zinazonyonya, mwingine anataja maduka matupu ya miaka ya themanini. Hakuna anayesema fundi alipwe shilingi ngapi, na kwa nini.

Chukueni karakana ya samani Dar es Salaam yenye mafundi sita, kila mmoja akiwa na mshahara wa 500,000 kwa mwezi. Andikeni hesabu ubaoni. Makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 10%, yaani 50,000, inabaki 450,000. Kodi hutozwa kwa kinachozidi 270,000: 8% ya 180,000 ni 14,400. Fundi anapata 435,600 mkononi. Mwajiri naye anaongeza 50,000 ya NSSF na 2,500 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa hiyo fundi huyo anamgharimu 552,500. Mabishano mengi hutokana tu na mmoja kushika namba ya kwanza na mwenzake ya mwisho, wote wakiita "mshahara".

Kabla ya falsafa, angalieni kama sheria imefuatwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Malipo ya saa hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa 45: hapa ni 2,564, na saa ya ziada 3,846. Wengi hugawa kwa siku 30, kana kwamba fundi hana siku ya mapumziko, halafu kwa saa 9. Inatoka 1,852, na saa ya ziada 2,778. Kwa saa 20 za ziada fundi anapunjwa zaidi ya 21,000. Hapo hakuna cha mrengo: anayeamini mikataba ya hiari anapaswa kulikemea hilo kwa ukali uleule wa mjamaa.

Sasa njooni kwenye ziada ya mauzo, yaani kinachobaki baada ya gharama zote, maana hapo ndipo penye mjadala wenyewe. Tuseme kila fundi anatengeneza samani za 1,800,000 kwa mwezi. Mbao, gundi, vanishi, misumari na msasa ni 850,000. Pango na umeme 120,000. Uchakavu wa mashine 80,000. Toeni na ile 552,500. Inabaki 197,500. Mfuasi wa Marx atasema hiyo ni kazi isiyolipwa. Mlibertari atajibu kwamba fundi analipwa mwisho wa mwezi hata kabati likikaa bila mnunuzi, na anayesubiri na kubeba hasara ni mwenye karakana. Msiamue bado. Ulizeni kama mwenye karakana naye anafanya kazi humo. Ziada ya mafundi sita ni 1,185,000. Kama ndiye anayetafuta wateja na kukagua kazi, na kazi hiyo ina thamani ya 800,000, basi faida halisi ni 385,000, kama 64,000 kwa kila fundi. Akiwa anakaa nyumbani na kupokea tu, hoja ya mjamaa inapata nguvu kubwa. Na mjamaa asiseme fundi apewe kila kitu: Marx mwenyewe, mwaka 1875, aliikosoa kauli hiyo, akataka kwanza zitolewe fedha za kufidia uchakavu, kupanua uzalishaji, akiba ya majanga, shule, afya na wasioweza kufanya kazi.

Mlibertari naye abanwe kwenye asili ya mali. Robert Nozick, mwanafalsafa mlibertari wa Marekani, alisema mali ni halali ikipatikana kwa haki na kuhamishwa kwa hiari, ila aliongeza kwamba dhuluma ya zamani irekebishwe. Sharti hilo husahauliwa sana. Kenya ya kikoloni, watu walinyang'anywa ardhi, wakatozwa na serikali kodi kwa kila nyumba, kisha wakaenda mashamba ya walowezi kutafuta fedha za kuilipa. Kusema "walikubali wenyewe ujira ule" ni kuanza hadithi katikati.

Kuhusu Tanzania, msiite kila kitu "Ujamaa". Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa benki ni Februari 1967. Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ni ya miaka ya 1970. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa na mamlaka za mazao za serikali zikawa mnunuzi. Kwangu mimi hilo ndilo funzo zito zaidi kuhusu malipo: mkulima mwenye mnunuzi mmoja hana sauti juu ya bei, awe mnunuzi huyo ni serikali au kampuni binafsi.

Kwa hiyo swali la kulisukuma hadi lijibiwe ni hili: fundi akiondoka, anakwenda wapi? Hesabuni karakana nyingine zinazoajiri kwenye eneo lake. Ulizeni kama randa na msumeno ni vyake au vya bosi, kama ana akiba ya kula mwezi mmoja, kama anadaiwa na mwajiri. Fundi mwenye zana zake na karakana tano jirani, na fundi anayelala stoo ya bosi, wanaweza kusaini mshahara uleule wa 500,000. Kila upande ueleze waziwazi kama mikataba hiyo miwili ni sawa.