Niliambiwa Siku Saba, Nikasukutua Miezi Minne

Mwaka juzi niling'olewa gego. Daktari wa meno akaniandikia dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, kemikali inayoua bakteria, nitumie siku saba. Mimi nikaitumia miezi minne. Ilikuwa inaacha ubaridi mtamu mdomoni, na ukishinda dirishani ukiongea na wateja uso kwa uso, harufu ya mdomo ni hofu yako ya kila siku.

Presha ninayo tangu nina miaka 44, na vidonge namezea chai kila asubuhi. Miezi ile mashine yangu ya kupimia presha nyumbani, iliyozoea kunipa namba ya juu ya 132 au 134, ikaanza kusoma 140. Nikalaumu ada za shule. Nesi wa kliniki ndiye aliyeniuliza, "Mama, mdomoni unatumia nini?"

Kumbe mchicha, spinachi na bitiruti vina kemikali iitwayo naitreti. Ukila, inaingia kwenye damu, na karibu robo yake hurudishwa mdomoni na tezi za mate. Hapo ndipo bakteria wanaokaa nyuma ya ulimi huigeuza kuwa naitraiti, kazi ambayo mwili wenyewe hauiwezi vizuri. Tunaimeza na mate, kisha mwilini inakuwa naitriki oksaidi, ile gesi inayolegeza mishipa ya damu. Mimi nilikuwa nawaua mafundi hao asubuhi na jioni, halafu nala mchicha kwa bidii!

London mwaka 2013, watu 19 wasio na ugonjwa walisukutua dawa ya aina hiyo kwa wiki moja, presha ikapanda kwa namba 2 hadi 3 hivi. Ni kidogo, na watu ni wachache. Lakini wewe uliye ukingoni, 3 si ya kuchezea.

Tumboni nako wapo. Bakteria wa utumbo mpana hula nyuzinyuzi tusizoweza kuzisaga, wakatoa asidi zinazosaidia kutuliza presha. Sembe nyeupe haiwaachii kitu cha maana; dona, kunde na maharage ndiyo karamu yao. Chumvi nayo inawaumiza: katika jaribio moja, wanaume walioongezewa gramu 6 za chumvi kwa siku, kwa siku 14, wengi wao walipoteza bakteria jamii ya wale wanaogandisha mtindi, na presha ikapanda.

Dawa ya kusukutua niliacha, vidonge vya presha sikuacha, na wewe usithubutu kuviacha kwa sababu ya mchicha. Mswaki napiga mara mbili kwa siku, maana fizi zinazooza nazo zinaendana na presha. Mwenye matatizo ya figo aongee na daktari kabla ya kujaza mboga hizi. Baada ya wiki sita hivi nilirudi 133. Siwezi kuapa ni ulimi peke yake, kwani kopo la chumvi nalo nilishaliondoa mezani.

Bitiruti nakunywa glasi moja. Siku ya kwanza nilikwenda chooni nikaona wekundu, nikamwita mume wangu kwa kelele.