Maswali Yenu: Shingo Haigeuki, Niende Masaji au Nisubiri?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mwezi uliopita tuligongwa na gari kwa nyuma tukiwa tumesimama foleni, siku ile sikusikia chochote ila kesho yake naamka shingo haigeuki. Hospitali wakapiga eksirei wakasema mifupa iko salama, nikapewa paracetamol na ile kola ya shingo. Mpaka leo nikigeukia kulia navutwa hadi begani, na kichwa kinauma kuanzia kisogoni. Shoga yangu ananisukuma niende masaji, mama yangu ndo kabisaa anasema nikiguswa shingo nitapooza. Nimsikilize nani?

JIBU: Pole sana dada. Kwanza hiyo ya maumivu kuja kesho yake usiogope, ndo kawaida ya ajali za kugongwa nyuma. Kiti kinakusukuma mwili mbele, kichwa kinabaki, af kinarushwa, na kichwa cha mtu mzima si kitu chepesi, ni kilo 4 mpaka 5 hivi, kwahiyo misuli na kano za shingo zinavutika ghafla, halafu misuli inakaza yenyewe kulinda sehemu iliyoumia. Sasa tatizo inakaza hata pale ambapo hakuna tena cha kulinda. Na hicho kichwa kinachouma kutoka kisogoni, mara nyingi kinatokana na vile vimisuli vidogo vilivyoko chini ya fuvu pale shingo inapoanzia.

Mama hajakosea kuogopa ila hofu yake ina mahali pake. Ukiona mkono una ganzi au unakosa nguvu mpaka unadondosha vitu, unayumba ukitembea, mkojo unatoka bila taarifa, unaona vitu viwili viwili, ulimi mzito, kizunguzungu au maumivu makali ya shingo na kichwa ambayo hujawahi kuyasikia, hapo hakuna masaji, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama eksirei ya kwanza ilikuwa safi, maana eksirei inaonyesha mifupa, mishipa ya fahamu na ya damu haionyeshi. Homa pamoja na shingo kukakamaa, hivohivo, kimbia.

Kama hayo yote huna, na kwa ulivyoeleza naona huna, basi shoga yako ana pointi. Ila mwambie masaji hairudishi mfupa wala haiungi kano. Inachofanya ni kutuliza maumivu na kulegeza ile misuli iliyokaza, na nafuu yake ni ya muda, masaa kadhaa au siku chache. Watu wengi wanaishia hapo, wanachuliwa wanasikia raha wanaenda kulala, wiki ijayo wanarudi na shingo ileile! We itumie hiyo nafuu. Ukitoka kuchuliwa, shingo ikiwa bado nyepesi, igeuze polepole kulia na kushoto mpaka pale inapoanza kuvuta, rudia kama mara kumi, fanya hivyo mara kadhaa kwa siku. Kisha vuta kidevu nyuma kama unatafuta kidevu cha pili, shikilia sekunde tano, achia. Hayo mazoezi ndo yanayokuponyesha, masaji inakufungulia nafasi ya kuyafanya bila kulia.

Na hiyo kola uiweke kabatini bwana, kama hakuna daktari aliyekwambia kuna sababu maalumu ya kuendelea nayo. Ukiivaa wiki na wiki misuli inazidi kuwa dhaifu.

Kuhusu muda, kuna utafiti ulichapishwa Marekani 2014, watu 228 wenye maumivu sugu ya shingo, waliochuliwa dakika 60 mara mbili au tatu kwa wiki kwa wiki nne walipata nafuu ya maana, wale wa dakika 30 hawakupishana sana na waliokaa wanasubiri zamu. Hao hawakuwa watu wa ajali kama wewe lakini inakupa picha, kale kadakika kumi ka kupitishiwa mikono mabegani usikategemee. Anayekuchua mwambie mapema kabisa ulipata ajali, na umkataze kunyonga shingo mpaka ilie "ka". Akikujibu bila hiyo huponi, beba mkoba wako.

SWALI: Dokta mi nachuliwa mgongo na mabega mpaka nang'ata taulo, kesho yake nina alama nyeusi. Jamaa anasema ndo sumu inatoka. Ni kweli?

JIBU: Si kweli kaka, hiyo ni damu imevilia chini ya ngozi. Masaji haitoi sumu, kazi hiyo wanayo ini na figo. Maumivu kidogo ya "inauma lakini tamu" sawa, ila ukishaanza kubana pumzi na kung'ata taulo misuli inakaza kujilinda, kwahiyo umelipia kulegezwa unatoka umekaza zaidi. Mwambie apunguze. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, warfarin na wenzake, usikandwe kwa nguvu hivyo kabla hujaongea na daktari wako.

SWALI: Nimeanza jimu, siku ya pili mapaja hayapandi ngazi. Masaji itaondoa asidi?

JIBU: Asidi unayoisema, ile ya laktiki inayotengenezwa na misuli wakati wa zoezi, huwa imeshaondoka ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi, hayo ni majeraha madogomadogo ndani ya misuli, kilele chake ni kati ya saa 24 na 72 halafu yanaisha yenyewe. Masaji inapunguza kidogo, kutembeatembea pia. Ila paja likivimba sana na mkojo ukawa wa rangi ya kahawa, nenda hospitali haraka.

SWALI: Mume wangu anashinda kwenye kompyuta, jioni shingo na mabega kama mbao. Naweza kumchua mwenyewe nyumbani?

JIBU: Unaweza, tena vizuri tu. Mkalishe aegemeze paji la uso juu ya mto mezani, pasha mikono na mafuta, anza kwa viganja kabla ya vidole. Ule msuli mnene kati ya shingo na bega ukamate uuminye taratibu, ukikuta pamekaza bonyeza kwa dole gumba sekunde 20 au 30 huku anapumua, usisugue mfupa wa katikati. Kwa mbele na pembeni ya koo usibonyeze, pana mishipa mikubwa ya damu na ukikandamiza pale mapigo ya moyo yanaweza kushuka akazimia. Halafu hiyo skrini yake iinulieni ifike usawa wa macho, na ainuke kila nusu saa, la sivyo utamchua kila jioni mpaka mzeeke.