Re: Kareem na kocha Wooden, urafiki wao ulidumu vipi?

Ndugu, umeuliza urafiki wa Kareem Abdul-Jabbar, nyota wa mpira wa kikapu, na John Wooden, kocha wake wa chuo kikuu, ulidumu vipi, na kama kweli Wooden alifundisha wachezaji kuvaa soksi. La soksi ni kweli kabisa, na lilikuwa somo la kwanza kila msimu pale UCLA, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Soksi inavutwa mpaka isibaki kunjo, hasa kwenye kidole kidogo na kisiginoni. Kamba ya kiatu inakazwa tundu kwa tundu kuanzia chini, si kuvuta juu tu, halafu fundo linafungwa mara mbili. Kunjo moja huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hukosa mazoezi.

Kareem, wakati huo akiitwa Lew Alcindor, alifika 1965. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa timu kubwa, kwa hiyo alicheza misimu 3: ushindi 88, vipigo 2, ubingwa wa 1967, 1968 na 1969. Kudanki, yaani kuruka na kuusukumiza mpira ndani ya kikapu kwa mkono, kulipopigwa marufuku vyuoni baada ya msimu wa 1967, Wooden alimwambia marufuku hiyo itamfanya mchezaji bora zaidi. Ndipo ule mtupo wake wa ndoano, wa kurusha mpira kwa mkono mmoja juu ya kichwa, ukawa silaha kuu.

Ila usidhani walikaribiana sana tangu mwanzo. Wooden alikuwa Mkristo mzungu wa Indiana, Kareem kijana mweusi wa New York aliyesilimu 1968. Kwa maoni yangu, ukaribu wenyewe ulikomaa baada ya kuachana na mpira wa kikapu, wakizungumza besiboli na maisha kama watu wazima wawili, hadi Wooden alipofariki Juni 2010 akiwa na miaka 99.