Mikoko mia nne tulipanda, ikabaki kumi na moja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa shehia ya jirani kanipigia simu, ananambia dada sie tumeshajipanga, vijana thelathini tunao, fulana zishachapwa, Jumamosi tunakwenda kupanda mikoko, tupe ushauri kidogo. Nikamuuliza mnapanda wapi? Akasema pale nje penye tope tupu, si pako wazi? Nikacheka. Sikumcheka yeye, nimejicheka mwenyewe, maana na sie tulianza hivo hivo.

Kwetu ni Pemba, upande wa kaskazini, kijiji kimekaa baina ya bonde la mpunga na hori, ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi. Mwaka ule tulipanda miche mia nne kwenye tope la nje, tukapiga picha, tukarudi nyumbani na pilau tukala. Baada ya miezi minane nikaenda kuhesabu mwenyewe kwa mkono, kumi na moja. Mingine imeng'oka na mawimbi, mingine imegandwa na vile vikombe vidogo vinavyonata kwenye ubao wa mashua mpaka kijiti kimeinama kwa uzito, na mingine imesimama tu mikavu kama vijiti vya mishkaki. Mzee mmoja fundi wa ngalawa alikuwa anapita, akanitazama weee, kisha akasema: "Mwanangu, pale pangekuwa pa mkoko, mkoko ungekuwa ushaota zamani. Haukungojeni nyinyi."

Na ndo ukweli wenyewe. Mkoko unaota mbegu yake ikiwa bado juu ya mti, ile ndefu inayoning'inia kama bamia iliyokosa adabu, ikiiva inadondoka inaelea na maji wiki nyingi tu, inakwenda inakotaka. Kwahiyo kama kuna mikoko jirani na mahala pako wazi miaka na miaka, ujue mbegu zimefika pale mara elfu na zimeshindwa. Pana kitu. Pale petu kitu chenyewe kilikuwa maji, tope liko chini mno, linafunikwa muda mrefu kila siku, mche mdogo haupati nafasi ya kupumua. Ule mti unahitaji maji yaje na yaondoke.

Basi kutoka siku ile nimejifunza kuitazama mikoko kabla ya kuishika. Mikoko ina aina nyingi, na kila aina ina mahala pake na namna yake ya kustahamili. Mlilana unapenda mbele kabisa, unapigwa na bahari. Nyuma yake mkoko wenyewe na ile mizizi ya magoti, halafu muia na mkandaa, na mchu utaukuta mara nyingi nyuma karibu na nchi kavu, ijapokuwa mchu mkaidi, hata mbele utaukuta. Ukitaka kuona msitu uliotulia, ukiwa Unguja nenda Jozani, pale Pete kuna njia ya mbao inapita juu ya mikoko, tembea taratibu uangalie mizizi, watu wengi wanaangalia juu tu wanatafuta kima punju.

Sasa nije kwenye mchu maana huu ndo mwalimu wangu. Chukua jani la mchu asubuhi, geuza, lamba. Chumvi tupu. Mkoko unazuia chumvi nyingi huko huko kwenye mizizi isiingie, mchu nao unazuia, lakini unaacha nyengine iingie halafu unaitoa jasho kupitia majani, jua likipanda unaona vichembe vinang'ara. Ni kazi nzito hio, inakula nguvu za mti. Kwahiyo chumvi ikizidi kwenye tope mti haufi siku ile, unapunguza. Majani yanakuwa madogo na manene, matawi ya juu yanakauka kwanza, mti wa miaka ishirini unakufika kifuani. Watu wakiona hivo wanasema ardhi mbovu. Sio ardhi, mti unabana matumizi kama sie mwisho wa mwezi.

Nyuma ya kijiji chetu tulikuwa na kipara, yaani sehemu tupu yenye ukoko mweupe wa chumvi juu, na michu pembeni yake inakauka mmoja mmoja. Tukasema tupande pale. Safari hii nikasema hapana, tutembee kwanza. Tukaenda siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yakiwa yanajaa, tukafuata maji yanaingia wapi na yanakatikia wapi, na tukagundua yanakatikia kwenye ile barabara ndogo ya kifusi. Chini yake kuna kalavati, limeziba kabisa, mchanga, mifuko, makumbi, hata kandambili. Maji yakawa yanapenya machache tu kwenye bamvua kubwa kisha yanabaki yamesimama, jua la kaskazi linayakausha, chumvi inabaki, bamvua ijayo yanakuja tena machache, chumvi juu ya chumvi. Tulimwendea sheha, akaita watu wa misitu (msiruke hapa jamani, mikoko ina sheria yake, usiingie na panga hata kama nia yako nzuri), tukapewa ruhusa tukazibua kwa majembe siku tatu. Hatukupanda kitu. Masika mbili baadae kipara kimejaa vimchu vidogo vya kuota wenyewe, vingine vimenipita magoti. Ile kazi ya miche mia nne na pilau haikuleta hata robo ya hivi.

Kitu cha pili nnachokiangalia ni mizizi ya kupumulia. Ya mchu inatoka kwenye tope kama penseli zimechomekwa, na ya mkoko ina vitundu vidogo vidogo kwenye ile mizizi ya magoti. Tope la chini halina hewa, lile linalonuka kama yai viza, sasa pua za mti ndo hizo. Ukiziziba mti unakosa pumzi hata kama majani yanapata jua. Mchanga ukija polepole mti unajitahidi kurefusha mizizi, ukija kwa mkupuo hauwezi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliporomosha udongo mwingi kwenye hori la Mwache kule Mombasa na mikoko mingi ikafa kwa kufukiwa mizizi. Kwahiyo ukikata miti huko juu kilimani, ukalima mteremko mtupu, unaua mikoko ambayo hujawahi hata kuigusa. Sie Pemba na vilima vyetu hivi tulielewe hili.

Mafuta ndo balaa jengine. Diko letu, pale mashua zinapofikia, mashine zinabadilishiwa oili pale pale ufukweni, mtu anamwaga chini anaenda zake kunywa chai. Mafuta yanapanda na maji, yanapaka mizizi kama rangi, vitundu vinaziba. Miti mikubwa inapukutisha majani, mingine inarudi, lakini miche midogo ndo inakwisha, na mafuta yakishaingia kwenye tope yanakaa miaka. Kuna jambo nililisoma likanikosesha usingizi, kule Puerto Rico watafiti waliona mikoko inayozaa mbegu zisizo na kijani kabisa, na ilikuwa mingi zaidi kwenye tope lenye mafuta mengi. Mbegu kama hio haiwezi kujitengenezea chakula, inakufa. Ushauri wangu hapa ni wa kitoto kabisa, wekeni dumu moja diko, mtu akibadilisha oili amwage humo. Sie tumeweka, la kwanza likaibiwa, la pili tumelifunga mnyororo.

Maji ya vyoo na mbolea yanadanganya. Mikoko inayopata maji hayo inanenepa, majani kijani kibichi, unasema mashallah. Lakini chakula kikiwa kingi mti unakuza majani na kusahau mizizi, ukija ukame au chumvi ikapanda ndo unakufa mwanzo kabla ya wenziwe waliokulia kwa shida. Nje kwenye majani ya bahari, yale yanayoota chini ya maji, ni mbaya zaidi, mbolea inaotesha ukoga wa kijani juu yake unayafunika yanakosa jua, na pale ndo anapokula kasa na anapojificha tasi mdogo.

Na mwani je? Kinamama wenzangu wanajua, Pemba ndiko mwani mwingi wa Zanzibar unakotoka. Huu ulimaji wa kufunga kamba ulianza visiwani mwaka 1989 kule Paje na Jambiani, na mwani mnene, ule wenye bei, ndo unaotusumbua zaidi kwa joto. Ukiona ncha zinafanya weupe kisha zinakatika usikimbilie kusema una ugonjwa. Mara nyingi mwani umechoka kwanza, maji yamekuwa moto sana kwenye vidimbwi wakati wa kupwa, au masika imeshusha maji matamu mengi, halafu vijidudu vinakuja kumalizia. Mama yangu mdogo alihamisha kamba zake kutoka kidimbwi cha juu kwenda penye maji yanayotembea, mbali kidogo, anachoka zaidi kufika na anaogopa maji ya kifua, lakini mwani mnene umekaa. Shoga yake aliyebaki kidimbwini amerudi kwenye mwembamba, unastahamili zaidi, bei ndo hivo tena.

Bonde la bibi nalo. Zamani mpunga ulifika mpaka karibu na mikoko. Mikoko ikakatwa kwa boriti na kuchomea chokaa, bahari ikaanza kuingia. Mpunga haufichi, ncha za majani zinaungua kwanza kama zimepitishiwa moto, na chumvi ikija wakati wa kuchanua unapata mapepe matupu, unapepeta unabaki na makapi. Mwaka mmoja tulivuna pishi mbili tu bonde zima. Sasa hivi tunalima sehemu ya juu, chini tumeiacha, imejaa mboga ya pwani ile yenye majani mazito kama yamejaa maji, hio chumvi kwake ni uji. Mkiona imeanza kuingia kwenye mpunga wenu mjue chumvi ishafika hapo, msisubiri mavuno kuthibitisha.

Yule kijana wa simu nilimwambia fulana vaeni, miche acheni. Nendeni siku ya bamvua, fuateni maji, piga picha mahala yanapokwama. Jana kanitumia picha kwenye WhatsApp, hamna hata mche mmoja, kuna vijana wamesimama ndani ya mtaro tope mpaka mapajani, na gunia saba za mifuko na chupa zimepangwa ukingoni. Ameandika chini yake, "dada maji yamepita." Nimemwambia asimame pale pale kila bamvua apige picha ile ile, mpaka mwakani wakati kama huu, na fulana zikifuliwa zitatoka.