Jibu: Watoto wa miaka 5 na 9, Malindi kuna makumbusho ya kushikashika?

Dada, umeuliza kama huku Malindi kuna makumbusho ya watoto, yale ambayo mtoto anashika, anabonyeza na kuvuta kila kitu, kwa kuwa Desemba unashuka kutoka Nairobi na wanao wawili. Ya namna hiyo hatuna. Makumbusho ya kwanza ya watoto yalifunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899. Baadaye, miaka ya 1960, mkurugenzi wa yale ya Boston, Michael Spock, akaamua vitu vitolewe kwenye makabati ya vioo watoto wavichezee. Huku kwetu kioo bado kipo. Lakini mimi ninao watatu, wote watundu, na nakushauri usianzie mjini. Anzia Gede.

Gede ni mji mzima wa kale uliohamwa kwenye karne ya 17, umo ndani ya msitu, kama kilomita 16 kusini ya Malindi. Mtoto haangalii nyumba kwenye picha, anaingia ndani yake. Anapita mlangoni, anazunguka ukumbini, anachungulia kisima, anauliza jiko lilikuwa wapi. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na ukisogea karibu unayaona matumbawe yenyewe, yale matundu madogo madogo yamejipanga kama sega la nyuki. Wa mwisho wangu alikaa hapo akiyapitisha kidole tundu baada ya tundu, akataka kujua samaki wameenda wapi. Kupanda juu ya kuta ndiyo marufuku, hilo waambie kabla hamjaingia getini.

Sasa mchezo tunaocheza sisi. Nyumba za Gede zimepewa majina kufuatana na vitu vilivyofukuliwa ndani yake, tangu James Kirkman alipoanza uchimbaji mwaka 1948. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Mwambie huyo wa miaka 9 akisie: mwenye nyumba hii alikuwa nani hata awe na mkasi? Fundi cherehani? Kinyozi? Wangu walibishana mpaka walinzi wakacheka. Halafu uwaulize, na ya kwetu ikifukuliwa itaitwaje? (Ya kwetu iliitwa Nyumba ya Chaja, sina la kusema.) Baada ya hapo waingize kwenye jumba dogo la makumbusho lililo humohumo uwanjani, penye baadhi ya vitu vilivyochimbwa. Hapo kioo hakiwasumbui tena, maana wanakuja kutafuta kitu wanachokijua.

Msipite bila kuona kaburi lenye tarehe. Limeandikwa kwa Kiarabu, mwaka 802 Hijria, sawa na 1399. Kama wanao wanasoma madrasa, waache wahangaike na herufi wenyewe, usiwasaidie upesi. Na vyoo! Nyumba za matajiri zilikuwa na vyoo vya shimo na mahali pa kutawadhia, miaka mia sita iliyopita. Mtoto wa miaka 5 atasahau msikiti na kasri, choo hasahau.

Ukitoka magofuni, kwenye uwanja huohuo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wanavijiji wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi kwa majani yao maalumu, vikishageuka pupa, vile vifuko ambamo kipepeo hutokea, wanaviuza kwa mradi, navyo vinasafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya kwenye nyumba za maonyesho. Mkulima anapata hela bila kukata mti. Kwa watoto, raha yenyewe ni ile nyumba ya wavu iliyojaa vipepeo. Wasivikimbize. Wasimame tu, mkono umenyooshwa, watulie. Binti yangu, ambaye mezani hatulii hata dakika, alitulia pale mpaka mmoja wa buluu na mweusi ukamtua kwenye ushungi.

Kuna mwenzetu juu hapo ameandika kwamba makumbusho ni ya watalii, watoto wapelekwe baharini tu. Bahari iende wapi, bwana? Ipo mchana kutwa. Magofu nenda asubuhi, jua likipanda na mbu wakichanganya hakuna mtoto atakayekusikiliza.

Makumbusho ya mjini Malindi myaweke siku nyingine, na msikae sana. Hapo kitu cha kuwaonyesha ni silikanti, samaki aliyenaswa baharini kwetu mwaka 2001. Wataalamu walidhani jamii yake ilikufa zamani pamoja na dinosaria, mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mapezi yake yana minofu, yanakaa kama miguu mifupi. Kisha tembeeni hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, na mkiwa pale juu ya mwamba wasimulie habari ya twiga aliyepelekwa kwa mfalme wa Uchina kutoka Malindi mwaka 1415. Jiandae kwa swali la alikula nini melini.

Usafiri: panda matatu za Watamu, shuka Gede, kisha tuktuk au mguu. Bei siandiki kwa sababu hubadilika, na wakazi hulipa kidogo kuliko wageni, kwa hiyo beba kitambulisho. Chakula kifungeni kwenye mkoba. Kima wa pale hawana haya, walitunyang'anya mahamri mkononi mchana kweupe. Na umeuliza kuhusu kigari cha mtoto wa dadako: kiache hotelini, njia zimejaa mizizi. Mbebe kwa kanga.