Mleta mada, mzuie mchoraji kabla hajamaliza hicho kitabu cha vinyume

Mwambie mchoraji asimame leo. Umesema unaandaa kitabu cha picha cha watoto wa miaka mitatu hadi mitano, cha kufundisha vinyume na urafiki kwa pamoja: ukurasa wa kushoto Sungura msafi, mpole, mwepesi, mwenye marafiki, ukurasa wa kulia Kobe mchafu, mkali, mzito, asiye na rafiki. Kisha ukauliza kurasa ziwe ngapi, jozi ngapi kwa wiki, rangi zipi na maandishi yawe na ukubwa gani. Wenzangu hapo juu wamekujibu rangi na maandishi. Hakuna aliyegusa hilo la "asiye na rafiki", na hilo ndilo litakalokuumiza.

Kitabu cha namna hiyo nimekifundishia darasani. Changu kilikuwa na watoto wawili badala ya wanyama, lakini mpango ni huohuo wako. Wa kushoto mrefu, msafi, mwepesi, anacheka, kila ukurasa amezungukwa na wenzake. Wa kulia mfupi, mchafu, mzito, analia, kila ukurasa yuko peke yake. Na kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kitabu kile kilionekana kinafanya kazi. Nikisema "mrefu", darasa zima linaitikia "mfupi!" Nikisema "safi", wanapaza "chafu!" Wazazi wakija kuchukua watoto wanasimama mlangoni kusikiliza, wanafurahi. Hata mimi nilifurahi.

Halafu wakatoka nje kucheza. Kuna binti mmoja ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza michezo, akawapanga wenzake: wewe kushoto, wewe kushoto, wewe wa kulia. Nikadhani anagawa timu. Wa kulia alikuwa mmoja tu, mtoto mdogo wa umbo, mzito wa kusema, ambaye pua yake ilikuwa haikauki. Binti akamweleza vizuri kabisa: "Wewe ni wa ukurasa wa kulia. Wa kulia hawana marafiki." Hakusema kwa chuki wala kwa kejeli. Alikuwa anasoma kitabu, kama alivyofundishwa kukisoma.

Na yule mtoto akakubali. Usifikiri alipigana au alikuja kushtaki. Michezo ikianza anakwenda mwenyewe kusimama ukutani. Nilipofungua kitabu nikawauliza kila mmoja, "Wewe ni yupi hapa?", akaweka kidole upande wa kulia bila kusita, kama anayeonyesha pua yake ilipo. Baada ya muda mama yake akaja kuniuliza tunawafundisha nini watoto, maana nyumbani mwanawe amekataa kuchezea maji na udongo, tone likimwagikia nguo analia: "Nitakuwa mchafu, sitakuwa na rafiki." Mama yule aliuliza kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko angenifokea.

Kitabu nilikiondoa rafuni siku ileile. Lakini kuondoka rafuni si kuondoka vichwani mwao. "Wa kulia" liligeuka jina la mtu. Muhula ukaisha bado nalisikia uwanjani, na waliolitumia wengine walikuwa watoto wapya ambao kitabu chenyewe hawajawahi kukiona. Usiniambie watoto wa umri huo hawashiki mambo. Mtoto asiyesikia akiitwa mara tano kuja kuoga anasikia neno moja ulilolisema chumba cha pili kwa kunong'ona.

Sasa niruhusu niseme juu ya aliyetuletea kitabu kile. Alikuwa mwezeshaji wa semina. Alisimama mbele ya walimu wa chekechea, akatueleza kwamba mtoto hushika kinyume haraka zaidi akikiona kwenye sura ya mtu, na kwamba tukiunganisha vinyume na urafiki tutaokoa muda wa vipindi viwili. Mwalimu mmoja mtu mzima alinyosha mkono akauliza, "Na mtoto anayefanana na yule wa kulia je?" Akajibiwa kwamba watoto hawafikirii kwa kina namna hiyo. Mtu huyo analipwa kuwafundisha walimu wa watoto, na hajui kwamba kitu cha kwanza mtoto anachofanya na picha ni kujitafuta ndani yake! Hasira yangu kwake haijapoa na sina mpango wa kuipoza.

Alichotuambia kuhusu kasi ya kushika kina ukweli nusu, na ndiyo maana ni cha hatari. Jozi ya vinyume haimwingii mtoto kwa uzito sawa pande zote mbili. Upande mmoja huja mapema, wa pili huchelewa na hukaa bila maana kamili kwa muda mrefu. Mwaka 1968 Margaret Donaldson na George Balfour waliwaonyesha watoto wa umri wa shule ya awali miti miwili ya kuchezea yenye matufaha, wakawauliza ni upi wenye matufaha machache zaidi. Wengi walionyesha ule wenye mengi. Neno la upande wa pili wanalisikia, wanajua linahusu idadi, ila maana yake bado haijakaa. Basi fikiri: neno ambalo bado halijapata maana yake, wewe unalibandika kwenye sura inayolia. Kwangu mimi ilikuwa wazi kilichotokea. Darasa langu halikujifunza "zito" kama kipimo cha mwendo au cha mzigo. Lilijifunza kwamba zito ni yule.

Na kitabu cha picha hakisomwi mara moja. Watoto watataka kilekile, tena na tena, na wana haki: Jessica Horst na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi ileile mara kadhaa walikumbuka maneno mapya vizuri kuliko waliosikia maneno hayohayo katika hadithi tofauti. Kwa hiyo kila kilichomo ndani ya kitabu chako kitakaririwa, kizuri na kibaya, na ukurasa wa kulia utakaririwa sawasawa na wa kushoto.

Umeandika kwamba umechagua wanyama ili mtoto yeyote asijisikie amesemwa. Hawatakuokoa. Kwanza watoto watawapa wenzao majina hayo, utasikia mtoto anaitwa "Kobe" kabla wiki haijaisha. Pili, kwa upande wa urafiki wenyewe, wanyama wanaovaa nguo na kuongea si njia ya uhakika. Kuna utafiti wa Toronto uliochapishwa 2018, wa Nicole Larsen, Kang Lee na Patricia Ganea, ambapo watoto wa miaka minne hadi sita walisomewa hadithi ya kugawana. Waliosomewa ile yenye watu waligawa stika nyingi zaidi baadaye. Waliosomewa hadithi hiyohiyo yenye wanyama hawakuongeza. Mimi wanyama siwakatai katika vitabu, watoto wanawapenda mno. Ila usiwategemee wafundishe kugawana wala usijifiche nyuma yao.

Kanuni yangu ni moja na sitaibadilisha: kinyume kikae kwenye kitu, au kwenye hali inayopita, kisikae kwenye mtoto.

Kwenye kitu maana yake kamba ndefu na kamba fupi, kikapu kizito na kikapu chepesi, mlango wazi na mlango uliofungwa. Tumia vitu vya aina nyingi, ili sikio la mtoto lizoee kijiti kirefu, kamba ndefu na mti mrefu. Kitabu chenye wahusika wawili tu kitamsikizisha mrefu na mfupi peke yake.

Hali inayopita ni tamu zaidi kuchora. Mtoto yuleyule amelowa, ukurasa unaofuata amekauka. Amevaa, amevua. Yuko ndani ya boksi, yuko nje. Alikuwa na usingizi, sasa yuko macho. Mhusika mmoja akivuka pande zote mbili, mtoto anaona kwamba uchafu ni jambo la mchana huu na maji yataliondoa. Hakuna mtoto anayeweza kufungiwa upande mmoja wa kitabu kama mhusika mwenyewe hakai upande mmoja.

Na urafiki unaingia hapohapo, bila mtu mbaya. Chora ule ubao wa kuchezea wanaokaa wawili, mmoja akipanda mwingine anashuka. Juu na chini viko pamoja kwenye picha moja, na hakuna wa juu bila wa chini. Geuza ukurasa, wamebadilishana. Chora sanduku kubwa: mmoja anasukuma, mwenzake anavuta. Chora wa mbele na wa nyuma kwenye foleni, kisha foleni igeuke. Mmoja ajifiche, mwingine atafute. Michezo ya watoto imejaa vinyume vinavyohitaji watu wawili, wala hujalazimika kumtenga yeyote ili kuvionyesha.

Jozi za kufuta kabisa katika orodha yako: mwema na mbaya, mwerevu na mjinga, mzuri na mbaya wa sura, mnene na mwembamba, mweupe na mweusi, tajiri na maskini. Mrefu na mfupi iache, ila iondoke kwa watu iende kwenye miti na penseli. Najua umeandika kwamba "mwema na mbaya" ndiyo jozi yenye fundisho. Kwa mtoto wa miaka minne, rafiki ni yule anayecheza naye sasa hivi. Watagombania ndoo, watasema si rafiki yangu tena, na kabla hujamaliza kufuta machozi wamerudi kwenye ndoo ileile. Kitabu kinachomwambia amchunguze mwenzake kama ni mbaya kinamfundisha jambo ambalo hajalihitaji. Anachohitaji ni kuona ndoo moja, mikono minne, na namna wanavyosubiriana zamu.

Kuhusu idadi ya kurasa, fanya chache, watoto watazirudia wenyewe. Jozi moja hadi nyingine usihesabu kwa wiki, fuata macho yao.

Kama mchoraji ameshachora yule Kobe, usimtupe, ni kazi ya mtu. Mwombe amchoree Kobe kurasa nyingine: amejaa tope, ametoka mtoni anang'aa, amejificha ndani ya gamba, ametoa kichwa nje, na Sungura yuko naye katika zote nne. Ukipata rasimu hiyo iweke hapahapa kwenye uzi, nitaisoma ukurasa kwa ukurasa.